Mwalimu, anza chini ya gari, mkonga utasubiri

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Karatu na nina ekari mbili za vitunguu Mang'ola. Mwezi wa nne nilinunua Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1994, injini 1HZ, haina turbo. Inatembea vizuri, usukani unacheza kidogo. Nimejibana nimebakiwa na milioni kumi na mbili. Nataka niiinue inchi nne, nifunge tairi za inchi 35, mkonga, winchi na keria, ili mwezi wa kumi niende na wenzangu Ziwa Natron. Wao magari yao yameshajengwa, na langu wanaliita "gari la mahindi". Nifikirie na turbo? Jambo la pili, naomba usinicheke: mke wangu hajui bei halisi niliyonunulia. Nilimtajia pungufu. Sasa kila nikitamka neno spea ananiangalia tu, hasemi kitu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Sitakucheka, maana hilo la mke nimelipitia mwenyewe na nitakusimulia. Barua yako nimeisoma mara mbili, na katika yote uliyoandika, maneno yaliyonikwama kooni ni matatu tu: "usukani unacheza kidogo". Umeyapitia mbio ukakimbilia winchi, kama mgonjwa anayemsimulia daktari habari za mafua nusu saa nzima, halafu akishashika kitasa cha mlango ndipo anakumbuka kusema kwamba usiku anakohoa damu.

Gari la miaka thelathini lenye usukani unaocheza, ukaliinua inchi nne na kulivalisha tairi kubwa, umelipandisha juu tu ili lianguke kutoka mbali zaidi. Kwa hiyo kabla ya duka lolote, Jumamosi asubuhi tafuta sehemu tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, vaa nguo chakavu, ingia chini na tochi. Mtoto mmoja mwenye nguvu akae kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, awe anazungusha usukani kushoto na kulia taratibu. Wewe kodolea macho viungo kimoja kimoja: stelingi boksi ilivyofungwa kwenye chesesi, kisha tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, upande huu hadi upande ule. Mahali chuma kimoja kinapoanza kutembea kabla chenzake hakijafuata, hapo ndipo pesa yako ya kwanza inapokwenda.

Halafu inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, na usiiamini jeki peke yake, weka gogo au stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie yule mtoto akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki vilevile, ni beringi zile mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu linazungukia unapokata kona. Jaribio hilo ni la dakika mbili na halina gharama, ila limewaokoa wateja wangu wengi kununua kitu ambacho hakijafa.

Ukiwa hapo hapo chini, kuna jambo ambalo nataka ulifanye kwa kidole chako mwenyewe, usimwachie fundi. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma, kubwa kuliko embe dodo, linalong'aa. Ndani yake kuna kiungo kinachopeleka nguvu gurudumuni unapofunga fowili, yaani magurudumu yote manne yavute. Pitisha kidole kwenye uso wa tufe. Ukipata utando mwepesi wa grisi, nzito, nyeusi, inayonata, shukuru. Ukipata uji, kitu chembamba kinachochuruzika na kunuka kama mafuta ya difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, basi sili ya ndani imechoka, mafuta ya difu yamehamia kwenye grisi, na grisi imegeuka supu. Kiungo kile hakiwezi kuishi kwenye supu. Kitadumu wiki kadhaa za kwenda Mang'ola, kisha kitavunjika siku umefunga fowili na uko kwenye mteremko, maana ndiyo siku pekee kinapofanya kazi. Kazi ya kufungua pande zote mbili, kuosha, kubadilisha sili na beringi na kujaza grisi mpya ni siku mbili za mchafuko. Fundi akikwambia ataifanya kwa saa tatu, muage kwa heshima.

Kwa bahati uko karibu na Arusha, na Arusha ukitupa jiwe linamwangukia fundi wa 1HZ. Kampuni za utalii zimekuwa zikikata chesesi za magari haya na kuyarefusha ili yapakie wageni tangu enzi hizo, na pikapu kama yako ndiyo mkate wa kila siku wa gereji za hapa. Hautakosa spea wala mikono. Utakachokosa, usipokuwa mwangalifu, ni fundi anayekubali kukuonyesha kifaa cha zamani alichokitoa. Mwambie mapema kwamba kila kinachotoka unaondoka nacho, hata kama utakwenda kukitupa.

Breki sasa. Mipira ya breki, ile inayotoka kwenye bomba la chuma kwenda magurudumuni na ule mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma, ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kisichopakwa mafuta, badilisha yote kwa mpigo. Fungua dramu za nyuma uangalie kama kuna unyevu. Na kama siku moja utaliinua gari hili, kumbuka kitu ambacho wauza seti za kuinulia hawakisemi: juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo nyembamba ya chuma iliyoungwa na valvu ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likishuka kwa uzito, fimbo inaiambia valvu ipeleke breki zaidi nyuma. Gari likipanda juu, valvu inaamini uko mtupu, inapunguza. Ukiinua nyuma inchi nne bila kuirekebisha fimbo hiyo, utakuwa umepakia lumbesa kumi za vitunguu na valvu bado inaapa kwamba umebeba hewa. Mteremko wa kushuka kutoka Karatu kwenda bondeni unaujua kuliko mimi.

Jambo la tatu kabla ya mapambo ni mkanda wa taimingi. Kwenye dashibodi yako kuna taa imeandikwa T-BELT, ambayo huwaka kila kilomita 100,000. Usiitegemee. Inaweza kurudishwa mwanzo bila mkanda kuguswa, na mauzo mengi ya magari ya zamani hutanguliwa na usafi wa namna hiyo. Kama aliyekuuzia hana risiti yenye tarehe na namba ya kilomita, hesabu kwamba mkanda ni mzee, uweke mpya pamoja na beringi inayoukaza. Kwenye injini hii ukikatika njiani, valvu zinakutana na pistoni, na mazungumzo yanayofuata ni ya oveholi. Siku hiyo hiyo badilisha mipira ya rejeta na osha rejeta nje na ndani. Natron iko kwenye mita kama 600 tu kutoka usawa wa bahari, chini ya kuta za Bonde la Ufa, na joto la pale mchana siyo la Karatu. Huko gari linapanda kwa gia ya pili kwenye vumbi laini, feni inavuta hewa ya moto, na rejeta iliyojaa matope ya mashamba ya vitunguu itakusaliti.

Hapo nimekula sehemu kubwa ya milioni zako, na hakuna hata kimoja utakachopiga picha. Ndivyo ilivyo. Mimi katika kila shilingi kumi za gari la zamani natenga sita kwa vitu visivyoonekana, mbili za tairi, na mbili sizigusi kabisa. Zile mbili ndizo zinazonirudisha nyumbani.

Tuje kwenye tairi, maana hapa ndipo wenzako wanapokusumbua. Pikapu yako ilitoka kiwandani na tairi 7.50R16, kimo chake takriban sentimita 80. Zile wanazoziita za inchi 35, saizi 315/75R16, ukizipima hasa zina kama sentimita 88. Tofauti ni sentimita nane, lakini ekseli inapanda nusu ya tofauti hiyo tu, yaani sentimita nne. Vidole viwili, mwalimu. Kwa vidole viwili hivyo unalipa nini? Injini ya farasi takriban 130 inabebeshwa gurudumu refu na zito, kwa hiyo kila gia inakuwa kama imerefushwa kwa asilimia kumi. Gia ya tano itabaki mapambo ukiwa na mzigo. Spidomita itasema 80 na wewe uko karibu 88. Breki zile zile zinasimamisha kitu kizito zaidi kilicho mbali zaidi. Beringi, tairodi na vile viungo vya ndani ya tufe vinapata mateso mapya. Na ukikata kona kali tairi inalamba springi na madigadi.

Ushauri wangu ni 235/85R16 yenye meno ya wastani, kwenye rimu isiyotumia tyubu. Kimo chake ni karibu sawa na ya zamani, ni nyembamba, inachana tope la mbuga mpaka ifike kwenye ardhi ngumu badala ya kuelea juu yake, na ikichanika Karatu au Mto wa Mbu utapata nyingine. Tairi ambayo haipatikani karibu na unapopitia ni ya maonyesho.

Kuhusu rimu: angalia kama zako ni zile za kiwandani zenye ringi ya chuma ya kufungia pembeni. Kama ndizo, usimruhusu kijana wa pancha aijaze upepo huku amekaa mbele yake. Ringi ambayo haijakaa vizuri hufyatuka, na imeshaua watu. Afungue tairi nje ya gari, aligeuze ringi ikiwa chini, au alizungushie mnyororo, ajaze polepole.

Rimu hizo zina kasoro nyingine iliyonifundisha adabu. Mwaka 2009 nilikuwa nakwenda Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, njia ina lile vumbi la kijivu la volkano linaloingia hata kwenye mkate. Nikashusha upepo hadi PSI 15 kwa sababu nilisikia wazungu wanafanya hivyo, nikawa napepea vizuri mno. Nikaona raha, nikaongeza mwendo. Tairi ikateleza juu ya rimu, tyubu ikazunguka nayo, valvu ikang'oka kama shina la mchicha. Nilikuwa na tyubu moja ya akiba. Baada ya kilomita sita ikang'oka na hiyo. Nililala pale, nikisikiliza fisi, na pampu ya mkono mapajani.

Kosa halikuwa kushusha upepo. Kushusha upepo ndilo jambo moja linalosaidia kuliko winchi, mkonga na inchi nne kwa pamoja, na ni bure. Tairi ikishuka inarefuka chini kama unyayo wa ngamia na kushika eneo kubwa. Kwenye barabara ya changarawe ukiwa mtupu, punguza kidogo tu kutoka kwenye kipimo chako cha lami, utaona hata meno hayagongani. Kwenye mchanga na vumbi zito shuka mpaka 20, ukikwama 18, na mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, kona taratibu. Ukiwa na tyubu usishuke chini ya 22. Ukirudi kwenye njia ngumu, jaza tena kabla hujakimbia, maana tairi laini kwenye mwendo mkali linachemka na kupasuka ubavu. Kwa hiyo kabla ya winchi nunua geji nzuri ya upepo na kompresa ndogo ya kufunga kwenye betri. Hivyo viwili ni vya bei ndogo kuliko winchi.

Kuinua. Sikukatazi milele, nakukataza mwaka huu. Springi zako za mbele na nyuma ni zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kwa umri wake nina hakika zimelala. Seti mpya yenye uzito unaolingana na mzigo wako itakurudishia sentimita tatu au nne ulizopoteza bila hila yoyote. Hapo sema ukweli wa mzigo. Kama kwa mwaka mzima unabeba lumbesa mara ishirini na kwenda matembezi mara mbili, usinunue springi za matembezi; wala usinunue za tani mbili ukawa unaendesha mtupu wiki nzima, maana gari litakurusha teke kama punda. Kuna watakaokushauri urefushe sheko, vile vyuma vifupi vinavyoshika ncha ya springi. Ni rahisi, ndiyo maana ni maarufu. Ila ukirefusha kwa sentimita kumi unapata tano tu, na pembe ya ekseli inabadilika, usukani unakuwa mwepesi na gari linaanza kutangatanga barabarani kama mlevi anayetafuta nyumba. Krosi za propela, yaani viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, nazo zinafanya kazi kwenye pembe ambayo hazikuzaliwa nayo. Inchi mbili zilizofanywa vizuri, baada ya kila nilichotaja hapo juu, inatosha kwa njia zote unazozitaja.

Mkonga je, lile bomba linaloivutia injini hewa ya juu ya paa? Sisi Watanzania tumeupenda hadi gari lenyewe tunaliita kwa jina hilo. Kazi yake ya kwanza kwenye mazingira yako ni vumbi, hasa mwezi wa kumi mkiwa mnafuatana magari manne: hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ya usawa wa gurudumu, na filta yako itadumu. Kwa hilo, ufunge. Ila usidhani ukishaufunga umekuwa kiboko. Mikonga mingi imeungwa ovyo, au ina vitundu vya kutolea maji, au bomba la ndani ya boneti limefungwa kwa klipu iliyolegea. Jaribu hivi: injini ikiwa inanguruma polepole, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao kilichovishwa nailoni. Usitumie kiganja. Injini ikikabwa na kuanza kufa, mkonga umeungwa vizuri. Ikiendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea, inavuta hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo maji yatakapopita. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni chuma.

Na kuna mdomo mwingine wa gari ambao watu wanausahau. Difu lina kipumulio kidogo juu yake. Ukiendesha saa mbili difu linakuwa la moto, ukiingia ghafla kwenye mto wa baridi hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kitu chochote kilicho karibu. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, linavuta maji kupitia sili. Mimi nilivuka mto mmoja njia ya Loliondo nikiwa na mkonga mpya unang'aa, nikasimama ng'ambo nikajipigia picha. Wiki mbili baadaye difu la nyuma likaanza kulia kama mbu sikioni. Nilipofungua nati ya chini ikatoka chai ya maziwa. Kwa hiyo vuta mpira mwembamba kutoka kila kipumulio hadi juu ndani ya boneti au nyuma ya kabini. Ni mita chache za mpira wa mafuta na klipu. Halafu popote utakapovuka maji, simama kwanza dakika kumi, shuka, tembea kwa miguu ukiwa na fimbo. Korongo likiwa linashuka maji mekundu yenye vijiti, kaa chini ule mahindi. Litapungua lenyewe.

Wakenya wana mashindano yao ya Rhino Charge, yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Gari linatakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa kumi, na anayeshinda ni aliyetumia umbali mfupi kuliko wote. Mwendo kasi hauhesabiwi. Kwenye timu kuna watu ambao kazi yao ni kukimbia kwa miguu mbele ya gari kutafuta pa kupita. Wana magari ambayo mimi na wewe tutayaota tu, na bado wanatanguliza miguu.

Winchi nitaipitia haraka. Kwa gari lako likiwa na mzigo, karibu tani tatu, unahitaji winchi ya kuvuta angalau mara moja na nusu ya uzito huo, na hiyo inataka betri na bampa ya kubeba kazi. Ya bei poa itakufia mkononi. Mnakwenda magari manne. Kamba nzuri ya kuvutia inayonyumbulika, pingu mbili za chuma zenye kipimo kilichoandikwa, koleo, na mbao mbili za kuweka chini ya tairi vinatosha. Funga kamba kwenye ndoano zilizofungwa kwenye chesesi. Usiifunge kamwe kwenye lile tufe la kuvutia trela, hata mkiwa na haraka. Tufe likikatika linaruka kama risasi, na hupita kwenye kioo likakutane na uso wa mtu. Wote wasimame mbali, na juu ya kamba mtupie blanketi au koti zito. Keria juu ya kabini usifunge. Una bodi nzima nyuma. Galoni la lita 20 la dizeli ni kama kilo 17 bila chombo, na la maji ni kilo 20. Weka matatu juu ya paa uone gari linavyoinama kwenye ubavu wa kilima.

Turbo, hapana. Injini ya 1HZ, lita 4.2, huchoma dizeli kwanza kwenye vichumba vidogo ndani ya silinda hedi, na joto hujikusanya hapo. Ukiisukumia hewa ya ziada na fundi akaongeza mafuta ili usikie tofauti, hedi inapasuka au pistoni inayeyuka. Toyota walipotaka turbo kwenye ukubwa ule walitengeneza injini nyingine, 1HD-T, yenye mpangilio tofauti wa kuchoma mafuta. Yako ni mzee wa polepole asiyechoka. Muache hivyo, na umbadilishie oili kwa wakati.

Hao wenzako wanaoliita gari la mahindi, nenda nao, ila siku ya kuondoka uwaambie utakaa wa pili au wa tatu kwenye msafara, usikae wa mwisho. Wa mwisho anakula vumbi la wote na akikwama hakuna anayemwona. Na mpite kwenye njia iliyopo. Kuna watu wakifika zile tambarare za kuelekea Lengai wanaanza kuchora njia mpya kila mtu ya kwake. Wafugaji wa pale wanabaki na makovu ya magurudumu malishoni.

Sasa la nyumbani. Mwaka 1998 nilikuwa na Land Rover 109 isiyo na injini, imesimama chini ya mwembe. Tulikuwa tumeweka pesa ya bati za nyumba. Akatokea mtu anauza gia boksi, nzima kabisa, bei ya kutupa. Nikainunua kwa pesa ya bati. Gia boksi kwa gari lisilo na injini. Nikamwambia mama Neema kwamba nimekopeshwa. Ikakaa sebuleni miezi minne kwa sababu stoo ilikuwa inavuja, na ilikuwa inavuja kwa sababu haikuwa na bati. Yeye hakusema neno. Alitandika juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, akaweka redio. Mgeni akiuliza anajibiwa, "Hiyo ni meza ya baba Neema." Mpaka leo wajukuu wanaijua hadithi hiyo.

Kwa hiyo huyo anayekuangalia tu, mwalimu, anajua. Hajui namba, ila anajua. Mwambie wiki hii, kabla ya spea yoyote mpya. Taja namba kwanza, maelezo baadaye. Ukianza na maelezo atakuwa anahesabu kichwani na hatasikia kitu. Usitangulize zawadi. Mwanamke akiona kitenge kabla ya habari, ameshaijua habari. Kisha fungua daftari moja la gari, lile la mistari unalowagawia wanafunzi: tarehe, kilomita, kilichonunuliwa, bei, na risiti imebanwa pembeni. Daftari likae mezani, siyo kwenye gari. Na zile shilingi mbili kati ya kumi nilizosema hazigusiki, azishike yeye. Mimi mama Neema ndiye anashika, na mara mbili amenirudisha nyumbani kwa M-Pesa nikiwa porini.

Halafu tengeneza kiti chake. Nazungumzia kiti cha abiria: mkanda ufunge na kufunguka, kioo cha dirisha kipande bila kuvutwa kwa mkono, mpira wa mlango ubadilishwe ili vumbi lisimalizikie kwenye nywele zake. Ni kazi ya asubuhi moja na ndiyo ya bei ndogo kuliko zote nilizokutajia. Gari ambalo mke amelipanda mara moja akarudi kama ameanguka kwenye gunia la unga, hawezi kulipenda hata uliinue hadi mbinguni.

Kadi ya gari hakikisha imeshahamia kwenye jina lako TRA, na ulinganishe namba ya injini iliyoandikwa na iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Magari ya umri huu yamebadilishana injini kama watoto wanavyobadilishana kandambili.

Jumamosi ukishapitisha kidole kwenye yale matufe mawili, kushoto na kulia, kifute kwenye karatasi nyeupe, upande mmoja uandike K ya kushoto na mwingine L ya kulia, nitumie picha. Nikiiona nitakwambia kama mwezi wa kumi unakwenda Natron au unaishia Mto wa Mbu kula ndizi nyekundu.